TUTANDIKE NGUO MOJA: SADAKA YA PAMOJA BAADA YA RAMADHANI

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana wa Kitale na Bungoma, baada ya swala ya alasiri. Imeandikwa kama ilivyosemwa, maswali ya wasikilizaji yakiwekwa mwishoni.)



Shukrani zote zinamstahiki Allah (SWT), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake, maswahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao mpaka siku ya Kiyama. Amma baad.

Ndugu zangu vijana, kaka na dada, na nyinyi wazee wetu mliotuheshimu kwa kuja. Najua saa hizi macho ya mfungaji ni mazito. Mwenye kusinzia tunamsamehe, ila jirani yake amguse tukifika penye hesabu, maana leo nimekuja na hesabu.

Nianze na swali moja. Yule mama mjane unayempelekea unga na sukari mwezi huu wa Ramadhani, mwezi wa Shaaban alikuwa akila nini? Na ukiandama mwezi wa Idd, Shawwal yote atakula nini? Msinijibu sasa. Kila mtu ajijibu moyoni mwake.

KALENDA MBILI

Sisi Waislamu tunatoa sana Ramadhani, alhamdulillah, na hilo ni jambo la kheri. Mtume (SAW) alikuwa mkarimu kuliko watu wote, na Ramadhani ukarimu wake ulizidi. Lakini tuangalie jambo hili kwa makini. Ramadhani inafuata mwezi wa mbinguni. Kila mwaka inarudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja. Mwaka 2011 tulifunga Agosti. Mwaka 2025 tulifunga Machi. Njaa ya hapa kwetu haifuati mwezi wa mbinguni, inafuata mahindi.

Nyinyi ni watoto wa wakulima, mnajua. Hapa Trans Nzoia tunapanda mvua za Machi na Aprili zikianza, na tunavuna kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Kwa hivyo mwezi wa Juni ghala ni tupu, na mahindi shambani bado ni mabichi. Gunia la Desemba si bei moja na gunia la Juni, gunia ni lile lile. Aliye maskini anauza Desemba kwa bei ya chini kwa sababu ana deni, halafu Juni ananunua kwa gorogoro kwa bei ya juu kwa sababu ana njaa. Anapoteza mara mbili.

Na shule nazo zina kalenda yake. Zinafunguliwa Januari, na kila muhula unapoanza kuna mtoto anayerudishwa nyumbani. Tangu 2003 shule ya msingi ya serikali haina karo, lakini sare haijawa bure, daftari hazijawa bure, na viatu navyo havijawa bure.

Sasa mwaona shida iko wapi. Utoaji wetu unatembea na mwezi, na shida za watu zinatembea na mvua na muhula. Mwaka mmoja zinakutana, miaka mingi zinapishana. Ikiwa sadaka yote tunaitoa katika siku thelathini, basi siku mia tatu na zaidi zilizobaki tumemwachia nani?

JAMBO HILI SI GENI KATIKA DINI YETU

Kuna anayedhani sadaka ni mtu na mfuko wake peke yake, na kukusanya pamoja ni mambo ya vyama vya siku hizi. Sivyo. Tuangalie mifano mitatu kutoka zama za Mtume (SAW).

Wa kwanza ni wa Ash'ariyyun, watu wa kabila la Abu Musa (RA) kutoka Yemen. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba chakula kilipowapungukia, safarini au mjini Madina, walikuwa wakikusanya chote walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawa sawa kwa chombo kimoja. Mtume (SAW) aliwasifu kwa jambo hilo, akawahesabu kuwa ni watu wake naye ni wao. Mazingatio ni haya: hawakungoja tajiri. Waliokusanya ndio hao hao waliopungukiwa.

Wa pili ni wa watu wa Mudhar, waliofika Madina wakiwa na nguo zilizochanika, hali zao dhalili. Uso wa Mtume (SAW) ulibadilika kwa huzuni. Akawahutubia watu watoe, mwenye dinari, mwenye dirhamu, mwenye nguo, mwenye pishi ya ngano, hata kipande cha tende. Akaja Ansari mmoja na mfuko mzito, na watu wakafuatana nyuma yake mpaka yakajaa malundo mawili, la chakula na la nguo. Hapo ndipo alipofundisha kwamba mwenye kuanzisha mwenendo mwema hupata ujira wake na mfano wa ujira wa watakaomfuata. Yule Ansari ndiye aliyefungua mlango.

Wa tatu ni wa dada zetu. Siku ya Idd, Mtume (SAW) aliwaendea wanawake akawahimiza watoe sadaka. Bilal (RA) akatandaza nguo yake, nao wakavua herini na pete wakazitupa mle. Hebu fikirini: nguo imetandikwa, kila mtu anatia alichonacho, na yuko mtu mmoja mwaminifu wa kuibeba. Hicho ni chama cha sadaka, kina wanachama, kina mfuko, kina mweka hazina. Na mweka hazina alikuwa Bilal.

NA SI GENI KATIKA NCHI YETU

Kenya hii ilijengwa kwa michango. Tangu 1963 neno harambee limekuwa wimbo wa taifa wa pili. Watu wetu wa Magharibi walichangishana kuanzia miaka ya 1970 mpaka kikasimama chuo cha WECO pale Kakamega, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Wapo waliotoa kuku, wapo waliotoa gunia.

Lakini harambee ikaja ikaharibika. Ikawa jukwaa la wanasiasa. Mwenye bahasha nene anatangazwa kwa kipaza sauti, na bibi aliyetoa shilingi ishirini hana jina. Ilifika mahali ambapo mwaka 2003 sheria ya maadili ya watumishi wa umma ikawekea viongozi mipaka katika mambo ya kuchangisha.

Kisha ikaja simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na mwaka 2011 tukaona nguvu yake. Ukame ulipopiga kaskazini, watu wa Turkana wakifa njaa, na njia ya Lodwar inapita hapa hapa Kitale, Wakenya waliitana wachangie kwa mpango wa Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 kwa wiki nne. Lilifikiwa mapema mno hata likapandishwa mpaka bilioni moja. Wengi walituma shilingi kumi, hamsini, mia. Na ilikuwa Agosti, sisi tumefunga.

Nchi za mbali nako wanafanya. Marekani, katika mji wa Cincinnati, mwaka 2001 mama mmoja aitwaye Wendy Steele alianzisha kundi aliloliita Impact100. Wanawake wasiopungua mia moja, kila mmoja anatoa dola 1,000 kwa mwaka. Hawazitawanyi. Wanakaa, wanasikiliza taasisi za mtaani kwao zikieleza shida zao, wanapiga kura, na dola 100,000 zinakwenda mahali pamoja, zikamalize kazi moja. Mwanachama wa kwanza na wa mia, kila mmoja kura moja.

Sasa sisi dola 1,000 hatuna. Lakini utaratibu ule hauuzwi, tunaweza kuuchukua bure.

KWA NINI TUSINGOJE WAFADHILI

Wazee hapa wanakumbuka. Miaka ya 1990 madrasa nyingi na mayatima wengi nchini walikuwa wakitegemea fedha za mashirika ya kutoka Ghuba. Baada ya shambulio la bomu la Nairobi, Agosti 1998, serikali ilifuta usajili wa mashirika kadhaa ya misaada ya Kiislamu. Baada ya 2001 fedha zile zikachunguzwa dunia nzima na zikapungua. Mayatima walikuwa hawajui lolote kuhusu bomu wala siasa, walijua tu kwamba msaada haukuja mwezi ule, wala mwezi uliofuata.

Mimi simkatai mfadhili. Akija na tende, tutakula na tutamuombea dua. Ninachosema ni kwamba kisima cha mtu wa mbali kikikauka huna la kufanya. Kisima chako mwenyewe, hata kikiwa kidogo, unajua kamba yake iko wapi. Na kuna shirika la hapa hapa Kenya, Kenya Community Development Foundation, tangu 1997 limekuwa likifundisha jambo hilo hilo: jamii ianze na chake, mgeni aje kuongezea.

SASA HESABU

Amsheni waliolala.

Shilingi kumi kwa siku. Nani hapa hana? Mwanafunzi, boda boda, dada wa kuuza mitumba, mwenye kibanda cha simu. Shilingi kumi mara siku thelathini ni mia tatu kwa mwezi. Tukiwa vijana arubaini, ni shilingi 12,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 144,000.

Sasa zifanye kazi. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF iliondolewa, ikaja SHA. Kwa mtu asiye na ajira rasmi, kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi kwa nyumba nzima, yaani 3,600 kwa mwaka. Gawa 144,000 kwa 3,600. Inatoka arubaini. Maana yake vijana arubaini, kwa shilingi kumi kumi za siku, wanaweza kulipia bima ya matibabu nyumba arubaini za wajane mwaka mzima, pale ambapo nyumba hiyo imepimiwa kiwango cha chini. Nyumba moja kwa kijana mmoja! Na wewe umejinyima nini? Andazi moja.

Au tuseme chama kimeamua chakula. Gunia la kilo 90 ni gorogoro 45. Nyumba inayokula gorogoro moja kwa siku, magunia mawili yanaivusha siku tisini, yaani karibu Juni, Julai na Agosti nzima. Tukinunua Desemba wakati wa mavuno tukaweka, tumempa mjane chakula na pia tumemuepusha na ile bei ya Juni. Mtu mmoja hawezi kuweka magunia. Chama kinaweza.

Lakini ukiweka mahindi, yaweke kama amana. Yakauke sawa sawa, yapimwe unyevu, yasikae chini kwenye sakafu. Mwaka 2004 kule Ukambani watu 125 walifariki kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Dini yetu imetukataza kukusudia kibaya tukakitoa sadaka, kile ambacho sisi wenyewe tungepewa tungekipokea huku tumefumba macho. Mahindi yaliyoota ukungu si sadaka.

Na hapa ndipo Kitale na Bungoma zinapohitajiana. Sehemu nyingi za Bungoma kuna joto zaidi, wanaanza kuvuna Julai na Agosti wakati Kitale bado mahindi yanasimama. Bungoma wana ghala Kitale ikiwa na njaa. Baadaye Kitale inajaa. Chama cha huku na chama cha kule vikishikana mikono, hakuna mwezi ambao pande zote mbili ni tupu. Matatu ya Webuye iko kila saa, gunia halitakosa kiti.

ZAKA NA SADAKA ZISICHANGANYWE

Jambo hili naomba liandikwe. Mfuko wa chama ni wa sadaka. Sadaka ina nafasi pana: unaweza kumpa Muislamu na asiyekuwa Muislamu, unaweza kutengeneza bomba la maji, kununua viti vya zahanati. Zaka ni faradhi, na Surat Tawba, aya ya 60, imetaja mafungu manane ya wanaostahiki. Huwezi kuchukua zaka ya mtu ukapakia rangi ukuta. Kwa hivyo mtu akileta zaka yake, iandikwe katika daftari lake na ikae peke yake mpaka ifike kwa mwenyewe.

Na kwa kuwa tuko Trans Nzoia, niwakumbushe wenye mashamba. Nafaka ya chakula inayowekwa ghalani ina zaka yake. Wanazuoni wengi wanakadiria nisabu kuwa kiasi cha kilo 650, yaani magunia saba na kitu ya kilo 90. Iliyonyweshwa na mvua ni fungu moja katika kumi, na iliyomwagiliwa kwa gharama ni nusu ya hilo. Inatolewa siku ya mavuno, haingoji Ramadhani. Mwenye magunia mia ana magunia kumi ambayo si yake. Waulizeni masheikh zenu, kisha mkazihesabu ghala.

NANI APEWE?

Vijana wanadhani kazi ngumu ni kukusanya. Kukusanya ni rahisi. Kazi ngumu ni kuamua, na ngumu zaidi ni kwenda kuona.

Kuna kundi moja la vijana, sitalitaja jina wala mji. Walichanga kwa ikhlasi wakanunua blanketi, wakazipeleka katika nyumba ya mayatima. Walipofungua stoo ili waziweke, wakakuta blanketi nyingine bado ziko kwenye mifuko yake. Kila mtu huleta blanketi. Mpishi alikuwa hajalipwa, na palikuwa na mtoto wa kifafa ambaye dawa zake zilikuwa zimekwisha. Hakuna aliyeuliza. Pesa zilikuwepo, nia ilikuwepo, kilichokosekana ni swali moja.

Kwa hivyo, kabla ya kupiga kura, wawili wetu waende. Wasiende na kamera, waende na masikio. Waulize: mnakosa nini mwezi huu? Nani mwingine anawasaidia, na kwa kitu gani? Mkipewa shilingi hizi mtazifanyia nini, na tuje lini tuone? Kisha warudi waeleze mbele ya wote, mwenye jamaa yake pale aseme wazi na asipige kura.

Na tuzungumze kuhusu mayatima. Tumezoea kwamba yatima anapatikana katika nyumba ya mayatima. Hivi Mtume wetu (SAW), yatima mbora wa viumbe, alilelewa wapi? Kwa babu yake Abdul Muttalib, kisha kwa ami yake Abu Talib, ambaye hakuwa tajiri na alikuwa na watoto wengi. Serikali yetu nayo imeelekea huko. Mwaka 2017 ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za watoto, na tangu 2022 iko katika mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia. Hata mwongozo wa malezi mbadala wa mwaka 2014 umeitaja kafala, jina letu lenyewe.

Maana yake ni nini kwetu? Yatima wengi hawako nyuma ya geti lenye kibao. Wako Kiminini kwa nyanya yao, wako Chwele kwa shangazi anayeuza vitunguu, wako Kimilili nyumba ya kupanga, sita chumba kimoja. Yule nyanya hana kibao, hana barua yenye muhuri, hatakuja msikitini kuomba. Ukimsaidia yeye, mtoto anabaki na ukoo wake. Ukimwacha mpaka ashindwe, utakuja kumchangia mtoto huyo huyo nyuma ya geti. Nyumba zilizopo tusizitupe, zina watoto ndani yake. Lakini tuanze na nyanya.

AMANA NA HESHIMA

Ndugu zangu, vyama vya vijana havifi kwa umaskini. Vinakufa kwa mnong'ono. Mtu anasema pembeni, "Hizo pesa mwaziona?" Mwezi unaofuata wanachangia ishirini. Unaofuata, wanane. Basi.

Dawa yake ni uwazi. Pesa ziingie kwa simu moja iliyosajiliwa kwa chama, zisiingie kwa simu ya mtu binafsi. Saini ziwe tatu. Kila mwisho wa mwezi karatasi moja ibandikwe: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Majina ya wapokeaji yasiwemo. Na tujisajili. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi na katiba iliyoandikwa, na ofisi ya ustawi wa jamii iko katika kila kaunti ndogo. Ukitaka kutoka na debe barabarani kuchangisha umma, hiyo ni sheria nyingine na ina kibali chake, usifanye kiholela.

Ninaongeza pendekezo langu. Kila baada ya miezi sita, vijana wa Bungoma waje wakague daftari la Kitale, na wa Kitale waende Bungoma. Mtu wa mji wako atakuonea haya. Mgeni atahesabu.

Na heshima ya mpokeaji. Siku hizi mtu anampa mama paketi mbili za unga anamshikisha upande mmoja, yeye ashike upande wa pili, wapigwe picha. Mtoto wa yule mama yuko darasa moja na mtoto wako. Picha ataiona. Qur'ani imetuonya tusibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi, na mimi sijui simbulizi kubwa kuliko picha inayozunguka kwenye simu za mji mzima. Chama chetu kiwe na sharti: risiti tupige picha, mtu tusimpige.

MASWALI YALIYOULIZWA

Kijana mmoja aliuliza: "Si bora kutoa kwa siri? Chamani watu watanijua."

Jibu: Swali zuri. Lakini hebu angalia. Ukimpelekea mjane mkononi, yeye anakujua wewe, na kila mkikutana sokoni atainamisha kichwa. Ukitia katika mfuko wa pamoja, mjane hajui shilingi ipi ni yako. Aliyetoa kumi na aliyetoa elfu wamekuwa sawa mbele yake. Mweka hazina peke yake ndiye anayejua, naye ameapa. Mfuko wa pamoja ukiendeshwa vizuri unamsitiri mtoaji na unamsitiri mpokeaji.

Dada mmoja aliuliza: "Sisi wengine hatuna kazi. Tukikosa mwezi mmoja tutafukuzwa?"

Jibu: Hapana. Chama cha kuzungushiana pesa kinaweza kukufukuza kwa sababu ulikula zamu yako. Huku hakuna zamu. Mwezi huna, njoo na miguu yako, wewe ndiye utakwenda kuona. Bibi Zaynab bint Jahsh (RA), mke wa Mtume, alikuwa akifanya kazi za ngozi kwa mikono yake na kutoa sadaka kilichopatikana. Mikono ni mtaji. Na ikitokea mwaka huu wewe ndiye uliyepungukiwa, kumbukeni Ash'ariyyun: waliotia katika nguo ndio waliogawiwa. Hakuna aibu.

Mzee mmoja aliuliza: "Majirani zetu wengi si Waislamu. Mahindi yetu ya Juni yatawafikia?"

Jibu: Mzee wangu, mwaka 2008 watu walipokimbia vita vya baada ya uchaguzi na vile vya Mlima Elgon, waliolala Endebess chini ya turubai walikuwa wa kila kabila na kila dini, na mvua iliwanyeshea wote. Jirani ana haki yake kwa ujirani wake. Sadaka itamfikia, insha'Allah, kwa utaratibu ule ule wa kwenda, kuona na kupiga kura.

KABLA YA IDD

Basi tusiishie kwenye maneno. Naomba mambo manne kabla mwezi haujaandama.

Kwanza, kila mji uandike majina ya watu kumi, hao ndio wa kuanzia. Pili, wakubaliane kiwango kidogo ambacho hakitamshinda mtu mwezi wa sita, maana amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni yenye kudumu hata ikiwa chache. Tatu, wachague Bilal wao, mtu ambaye akibeba nguo hamna atakayegeuka kuangalia nyuma. Nne, waandike jina la nyumba moja tu ya kuanza nayo, nyumba moja, na waende waione katika wiki ya kwanza ya Shawwal, wakati ambapo tende zimekwisha na watu wamesharudi kwenye shughuli zao.

Wiki hiyo ndiyo mtihani wetu. Mwezi huu shetani amefungwa na njaa inatukumbusha. Shawwal tutakuwa tumeshiba.

Ewe Mola wetu, zitakabali swaumu zetu na swala zetu. Tupe mikono yenye kutoa na ndimi zenye kunyamaza baada ya kutoa. Wahurumie mayatima na wajane wa Kitale, wa Bungoma na wa kila mahali, na usitufanye sisi kuwa sababu ya wao kulala na njaa. Wasamehe wazazi wetu waliotangulia, na utufikishe Ramadhani nyingine daftari zetu zikiwa safi, za hapa na za kwako. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.